Soma Tu, Nakujua

Mellen alikuwa na utani mmoja, na aliutumia mpaka ukachakaa. Mteja akiingia ofisini kwao pale Kapsoit kutoa nakala ya kitambulisho, na Chepkorir akimwambia, "Keti kidogo, kobi yako iko tayari," Mellen angemgeukia yule mteja na uso mkavu. "Amesema kopi. Usidhani hapa tunafuga kobe." Mteja angecheka, Chepkorir naye angecheka, mashine ya nakala ingetema karatasi yake, na siku ingeendelea.

Kulikuwa na mwingine wa akiba, wa "pasi ya Pomet", yaani basi ya Bomet, lakini huo aliuweka kwa ajili ya wageni.

Chepkorir alikuwa Mkipsigis wa Boito, na lugha aliyonyonya nayo haioni sababu ya kutenganisha b na p, wala d na t. Mellen alikuwa Mkisii aliyezaliwa huko huko Boito, kwani baba yake alitoka Nyamira kuja kuchuma chai na hakurudi tena. Mellen naye ulimi wake ulikuwa na kasoro yake: herufi l ilimshinda tangu utotoni, akawa anasema "kurara" akitaka kulala. Chepkorir angeweza kumlipiza kila siku ya Mungu. Alimlipiza mara moja moja tu, akacheka, akaacha. Hakuwa mtu wa kushikilia jambo, na watu wa aina hiyo ndio huonewa zaidi.

Walisoma dawati moja. Walipofungua ofisi yao ya kupiga chapa waliipa jina Dada Wawili, na wateja wengine waliamini kweli ni ndugu mpaka walipowasikia wakiongea. Kompyuta ilikuwa moja ya maana, nyeusi, pana, waliyoiita Mama. Mwanzoni waliendesha Mama kwa programu ya wizi kama kila mtu. Kisha wakachoka kuzimiwa mashine katikati ya kazi, wakachanga, wakanunua Windows halali yenye kadi yake na ufunguo wake wa herufi na namba. Siku hiyo walikunywa soda kama watu waliofunga ndoa.

Ndipo wakapeana ahadi. Mellen angekaa na ufunguo wa mlango. Chepkorir angekaa na kadi yenye ufunguo wa kompyuta, ndani ya mkoba wake, popote aendapo. Hivyo hakuna ambaye angeweza kufungua biashara bila mwenzake. Ilikuwa ahadi ya kucheka, lakini waliishika.

Wiki ambayo mambo yaliharibika, Chepkorir alikuwa Boito. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua, na yeye ndiye binti pekee aliyebaki karibu. Alhamisi alasiri ikaja mvua ya mawe yenye radi, ile ambayo watu wa Kericho wameizoea kiasi kwamba hawasimamishi mazungumzo. Radi ikapiga mahali karibu na transfoma. Kule ofisini Mama, ile kompyuta, akazima, na hakuwaka tena.

Siku nyingine Mellen angesema basi, tutatengeneza taratibu. Lakini Jumatatu alikuwa anakuja mtu kutoka chama cha ushirika cha wakulima wa chai, aliyekuwa anatafuta ofisi ya kuwatunzia kumbukumbu za wanachama wao na kuwapigia chapa kila kitu. Kazi ya mwaka mzima, pengine ya miaka. Sharti lake lilikuwa moja: mashine iwe na programu halali, na angekagua kwa macho yake. Dada Wawili ilikuwa imeanza kuyumba tangu kila mtu apate simu ya kufanyia mambo yake. Kazi hiyo ingewaweka pamoja. Bila hiyo, wote wawili walijua, ingebidi kila mmoja atafute lake.

Jumamosi asubuhi akaja Ogoti, fundi wa kompyuta kutoka Kericho mjini, kijana mkubwa mpole mwenye mkoba wa bisibisi. Akafungua tumbo la Mama, akachungulia.

"Diski imekufa, dada. Nitaweka ingine, tuinstall Windows upya."

"Na leseni? Si tulinunua mara moja? Itabidi tununue tena?"

"Zii. Mko na kadi, si ndio? Key ni yenu. Mashine ni ile ile. Unaitumia tu tena, bora isiwe inatumika kwa mashine mbili."

"Kadi iko na Chepkorir."

"Basi mpigie akusomee."

Simu ya Chepkorir yenye kamera ilikuwa pale pale ofisini, juu ya rafu. Ilikuwa imeingia maji na Ogoti alikuwa ameombwa aiangalie pia. Kule Boito alikuwa anatumia simu ya mama yake, mulika mwizi ya zamani ambayo batani zake zilikuwa zimefutika namba. Mellen akapiga. Mtandao tangu ile radi ulikuwa wa kubembeleza.

Kwanza akauliza hali ya mgonjwa, maana huyo hakuwa mgonjwa wa mtu mwingine. Mellen alikuwa na deni kwa Mama Chepkorir ambalo halilipiki. Mwaka ule uchaguzi ulipoharibika, Mellen akiwa msichana wa shule, vijana walipita nyumba kwa nyumba wakisaka watu wasio wa huko. Hawakuuliza vitambulisho. Walisalimia tu, "Chamgei," kisha wakasikiliza jinsi mtu anavyoitikia. Mellen alijua kuitikia, lakini kila mtu anajua ulimi hausemi uongo kwa muda mrefu. Mama Chepkorir alimvika leso yake, akamkalisha jikoni miongoni mwa wanawe, na wale vijana walipomsalimia yule msichana wa pembeni, mama ndiye aliyejibu. "Msimsumbue huyo. Huyo ni bubu." Walimtazama, wakaenda zao. Alikaa bubu katika nyumba ile mpaka barabara zilipotulia.

"Mama anaendeleaje?"

"Amekunywa uji leo. Anakuuliza. Anasema hujamletea sukari."

"Mwambie Jumanne nakuja na sukari na mimi mwenyewe. Chepko, nisomee ile key, Ogoti ako hapa."

"Ngoja, nikuandikie kwa meseji. Hii mtandao inakatakata."

"Na hizo batani za mama? Si utamaliza mwaka! Soma tu, nakujua."

Chepkorir akaanza kusoma, polepole, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Pii. Tii. Nne. Bii. Dii."

Hapa ndipo Mellen alipofanya kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angeandika alichosikia. Mellen alikuwa amemsikiliza Chepkorir tangu dawati la shule, na alijua, kwa uhakika wa mtu aliyechekesha watu kwa jambo hilo hilo, kwamba p ya Chepkorir ni b, na t yake ni d. Akasikia "pii", akaandika B. Akasikia "tii", akaandika D. Aliposikia "bii" safi kabisa alitabasamu, akaona huyu leo anajikaza mpaka anapitiliza, akaandika P. Akageuza zote, moja baada ya nyingine, kama anayegeuza chapati.

"Hiyo ya kwanza ni B, sindio?" akauliza ili kuhakikisha.

"Hapana. Pii."

"Ndiyo, bii. Nimeandika."

"Mellen, nimesema *pii*."

"Nimeskia, Chepko! Bii ya Pomet!" Akacheka. Ogoti naye, akiwa amepiga magoti chini ya meza, akacheka kwa adabu. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Chepkorir aliendelea kusoma mpaka mwisho, akasema anaitwa na mama yake, simu ikakatika.

Ogoti alipomaliza kuweka diski, akaingiza ufunguo. Kompyuta ikafikiri, ikakataa.

"Inasema key si sahihi."

"Weka tena."

Akaweka tena. Ikakataa. Mellen akapiga simu, akasomewa tena, akaandika tena, na kwa kuwa alisikiliza kwa masikio yale yale alipata yale yale. Chepkorir alisema mara mbili kwamba anatuma meseji. Mellen akasema usisumbuke, pengine tatizo ni mashine.

"Huenda umeskia vibaya?" Ogoti akasema.

"Huyo? Huyo namskia hata akiwa usingizini."

"Ama basi key iko kwa mashine ingine. Lakini hapo ingesema imetumika. Hii inasema tu si yenyewe. Yani hizi herufi si za kadi."

Si za kadi. Ogoti alisema maneno hayo akifuta vumbi kwenye kibodi, bila ubaya wowote, kisha akaomba ruhusa akatafute chai. Mellen akabaki na Mama na yale maneno.

Unajua jinsi akili inavyofanya kazi ikishaamua kuwa mbaya. Alikumbuka kwamba Kimeli, kakake Chepkorir, alikuwa amefungua ofisi yake Sosiot mwezi uliopita, na kwamba kompyuta yake ilikuwa mpya, na kwamba Chepkorir alikwenda kumsaidia kuipanga akiwa na mkoba wake. Akakumbuka kwamba siku hizi Chepkorir ana siri. Kila asubuhi kabla wateja hawajaingia alikuwa anajificha nyuma ya mashine ya nakala, ameshika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, akinong'ona. Mellen alidhani ni maombi. Sasa akaona ni mtu anayejifunza jinsi ya kusema kwaheri. Ufunguo wa kweli uko Sosiot, akajiambia; mimi nasomewa takataka ili Jumatatu ipite na ile kazi imfuate Kimeli. Kila kitu kikakaa mahali pake vizuri, na hiyo ingepaswa kumtia shaka, maana mambo ya kweli mara nyingi hubaki na pembe zinazochomoza. Hakutia shaka. Akachukua simu.

"Kama umempea Kimeli key, sema tu."

"Nini?"

"Usinisomee uchafu nikihangaika hapa na fundi. Sema umempea."

"Kimeli alinunua yake, Mellen. Nimekusomea vile imeandikwa. Soma ile me—"

"Imeandikwa wapi? Wewe unaweza kusoma nini? Miaka yote hii mdomo wako haujui pii na bii, natafsiri kwa kila mteja, halafu leo ndio unajua kunizunguka?"

"Mellen."

"Nyinyi watu mko hivyo. Mnamchekea mtu, mnakula na yeye, na siku ikifika mnamkumbusha hapa si kwao."

Alisema. Aliyasikia maneno yakitoka na hakuyarudisha. Ukweli ni kwamba kwa nusu dakika alijisikia vizuri, kama mtu aliyetua mzigo.

Upande wa pili kulikuwa na kikohozi cha mgonjwa, kwa mbali, na sauti ya kuni. Kisha Chepkorir akauliza, taratibu sana, "Sisi watu?"

Simu ikakatika. Safari hii haukuwa mtandao.

Ogoti alirudi, akakuta uso wa Mellen umefungwa, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mvua ikaanza tena, ikaisha. Jua la jioni lilikuwa limeshafika kwenye mlango wakati simu ya Mellen ilipolia mlio wa meseji. Ilikuwa namba ya mama. Mtandao ulikuwa umeishikilia tangu asubuhi, na sasa ukaiachia yote kwa mara moja.

"Mellen najua utasema nimechelewa batani za mama zimeisha. Key ndio hii usije ukakosea." Kisha zikafuata herufi na namba, tano tano. Za kwanza zilikuwa PT4BD. Na mwisho kabisa: "Umeskia vile siku hizi nasema P poa? Nilikuwa najifunza na karatasi. Karatasi ikiruka ni P isiporuka ni B. Nilitaka nikushangaze. Mama anakusalimia."

Mellen akaisoma. Akaitazama karatasi yake mwenyewe, iliyoanza BD4PT. Akaitazama meseji tena.

Akararua ukingo wa karatasi kutoka kwenye mashine ya nakala, akaushika mbele ya mdomo wake. "P," akasema, na kipande kikaruka. "B," akasema, kikatulia. Ogoti alikuwa anamtazama bila kuelewa. Mellen alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara karatasi ilifanya vile vile, kwa uaminifu, na kila mara alijichukia zaidi. Yule mwanamke alisimama nyuma ya mashine ile asubuhi baada ya asubuhi ili tu asichekwe na rafiki yake. Na alipofaulu, rafiki yake ndiye aliyekuwa wa mwisho kusikia.

"Weka hii," akamwambia Ogoti, akampa simu.

Kompyuta ikafikiri, ikakubali. Ufunguo ulikuwa mzima. Ulikuwa mzima muda wote.

Alipiga simu usiku huo, ikaita mpaka ikachoka. Alipiga Jumapili, ikaita. Alituma meseji ya kuomba msamaha, akaifuta kabla ya kuituma kwa sababu ilikuwa ndefu, akatuma fupi, na fupi ikaonekana kama ya mtu asiyejuta. Jumatatu mtu wa ushirika akaja, akavaa miwani, akasoma pale kwenye kioo panaposema programu ni halali, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauliza, "Na yule dada mwingine?" Mellen akasema yuko nyumbani na mgonjwa. Yule mtu akasema kazi ni yao. Mellen akamshukuru kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuitambua.

Jumanne alinunua sukari, majani na mkate, akafika Mogogosiek, akamalizia kwa pikipiki katikati ya mashamba ya chai aliyoyajua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Chai ilikuwa imetoka kuchumwa, kijani kibichi mpaka kinaumiza macho. Njiani alipanga maneno. Alikuwa na maneno mazuri.

Mama Chepkorir alikuwa amelala kwenye kitanda kilichohamishiwa jikoni ili apate joto la moto. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Akampa Mellen mkono. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi, na haukumvuta karibu kama siku zote.

Chepkorir alikuwa ameinama kwenye meko, anasukuma kuni. Hakugeuka.

"Chamgei," Mellen akasema.

Hakuna kilichojibu ila moto.

"Chepko. Chepko, nimekosea. Ile meseji ilichelewa. Uliisema vizuri, uliisema vizuri kabisa, ni mimi. Nilikuwa nageuza. Kazi tumepata, unaskia? Amesema ni yetu." Maneno mazuri ya njiani yalikuwa yamepotea yote, na yaliyobaki yalitoka ovyo. "Nitukane basi. Nirudishie. Sema kurara, sema chochote."

Chepkorir akasimama. Akafuta mikono kwenye leso, akaufuata mkoba wake uliokuwa umetundikwa ukutani, akaufungua. Akatoa ile kadi. Ilikuwa bado safi, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama kitu cha thamani. Akamwekea Mellen mkononi, akamkunja vidole vyake juu yake mmoja mmoja, kwa upole, akarudi kwenye meko na kuinama kama alivyokuwa.

Sasa Mellen alikuwa na funguo zote mbili.

"Tafadhali," akasema. "Sema kitu tu. Chepkorir, niongeleshe."

Kitanda kikalia. Mama Chepkorir alikuwa amejiinua kwenye kiwiko, anahema kwa tabu. Alimtazama Mellen muda mrefu, bila hasira, kama alivyowatazama watu wengine waliowahi kusimama pale pale mlangoni wakisubiri kusikia msichana wake akisema.

"Usimsumbue huyo," akasema. "Huyo ni bubu."